Ligi ya sataranji Garsen: Kalenda kwanza, kete baadaye

KIJANA anayecheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mwarobaini tayari ana sehemu ya vifaa vya kuanzishia klabu ya sataranji. Ubao wake una miraba 64, nane kwa nane, sawasawa na ubao wa sataranji, mchezo ambao wengi nchini huuita chesi. Hata bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, huchezwa kwa kete 64. Kinachokosekana ni kete zenyewe, mtu wa kufundisha na, jambo linalosahaulika kila mara, mpango wa kuwakutanisha wachezaji wa mji huu na wa mji ule bila wote kufilisika kwa nauli.

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Ligi ya kitaifa inayosimamiwa na shirikisho la Chess Kenya imetawaliwa kwa miaka mingi na klabu za Nairobi, baadhi yake zikidhaminiwa na mabenki kama vile KCB na Equity. Mchezaji wa Garsen anayetamani mashindano ya kweli huwa na safari ndefu mbele yake, iwe ni ya Mombasa au ya jiji kuu. Ligi ya eneo ingeweza kumpunguzia mzigo huo, lakini kwa sharti kwamba isiige ligi ya soka ya kucheza nyumbani na ugenini.

Tazama ramani. Garsen imo katika kaunti ya Tana River, kandokando ya mto, karibu na Minjila ambako barabara itokayo Malindi hugawanyika: tawi moja likielekea Witu na Lamu, jingine likipanda Garsen, Hola na hatimaye Garissa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni takriban kilomita 100 na kidogo. Hadi Hola ni takriban hivyo hivyo, na hadi Mokowe, kivukoni mwa Lamu, vilevile. Mji huu mdogo, ambao msafiri wengi huuona kwa dirisha la basi tu, uko katikati ya watu wote hao.

Chukulia ligi ya timu sita: Garsen, Hola, Malindi, Lamu, Witu na Tarasaa. Zikicheza nyumbani na ugenini, kutakuwa na mechi 30, na kila timu itasafiri mara tano. Timu ya Hola ingelazimika kwenda Malindi na Mokowe, kilomita 200 kwenda na nyingine 200 kurudi kwa kila safari, ukiacha ziara tatu zinazosalia. Hakuna klabu ya vijana wasio na mdhamini itakayoyamudu hayo kwa msimu mzima. Zitaanza kususia mechi za mbali, jedwali litajaa ushindi wa bwerere, na kufikia mwaka wa pili ligi itakuwa imekufa.

Lakini sataranji haihitaji uwanja. Timu zote sita zinaweza kuketi katika ukumbi mmoja wa shule, kwenye meza 12, na kucheza kwa wakati mmoja. Timu ikiwa na wachezaji wanne na mmoja wa akiba, raundi tano zatosha kila timu kukutana na nyingine zote. Mchezaji akipewa dakika 15, mchezo hauwezi kupita nusu saa. Mkutano ukianza saa nne asubuhi, raundi tatu zitakuwa zimekwisha saa sita. Watu wataswali, watakula, watarejea saa saba unusu, na raundi ya tano itakwisha kabla ya saa tisa. Mikutano miwili tu kwa mwaka, wa pili ukigeuza rangi za kete ili aliyeanza na nyeupe aanze na nyeusi, ni ligi kamili ya raundi kumi. Hola itakuwa imesafiri mara mbili badala ya tano.

Saa tisa haikuchaguliwa kwa bahati. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, safari za usiku kwenye barabara ya Lamu zimekuwa zikiwekewa vikwazo mara kwa mara kwa sababu za kiusalama. Mpangaji anayeanza fainali jioni huwa amewafukuza wachezaji wa Lamu bila kutamka neno.

Kisha kuna mto. Mvua za masika na za vuli huigeuza delta kuwa bahari ya matope, na si mara moja tu watu wa huko wamehamia kwenye miinuko wakiwa na watoto na mifugo. Mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, maji yalifunika sehemu za barabara kati ya Garsen na Witu na mabasi yakakwama. Likizo za shule za Aprili na za mwisho wa mwaka, ambazo mtu wa Nairobi angezichagua kwa kuwa wanafunzi wako huru, huangukia humo humo mvuani. Inayofaa ni likizo ya Agosti, na kwa mkutano wa pili Jumamosi moja kati ya Januari na Machi, Ramadhani ikizingatiwa, maana mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Jumamosi yenyewe ndiyo siku isiyogombana na Ijumaa ya Waislamu wala Jumapili ya Wakristo.

Kiangazi kina faida nyingine isiyoonekana kwa mgeni. Ndipo wafugaji wa Kiorma na Kiwardei wanapoteremsha mifugo kutoka bara kuja kwenye maji na malisho ya delta, karibu na mashamba ya Wapokomo. Vijana wa pande zote huwa karibu na mto. Huo pia ndio msimu wa hofu. Mapigano yaliyoanza Agosti 2012 katika Riketa, yakaendelea Chamwanamuma mwezi uliofuata na Kipao mwezi Desemba, yaliua zaidi ya watu 100, wakiwemo wanawake, watoto na maafisa wa polisi. Chanzo kilikuwa ni ardhi, maji na siasa, na hakuna ubao wa miraba 64 utakaoyatatua hayo. Klabu inaweza tu kuchagua isiwe ya upande mmoja. Kwa hivyo iwe na jina la mji, si la jamii. Ikutanie mahali ambapo kila kijana anaweza kufika bila kupita panapomtia wasiwasi. Na mwanafunzi mpya apangiwe kucheza na asiyemjua kabla ya rafiki yake. Timu inayokwenda mkutanoni na wachezaji watano wa kijiji kimoja, ilhali klabu ina wanachama wa vijiji sita, iulizwe kwa nini.

Wazee wa dini nao washauriwe mapema, si baada ya lawama. Sataranji imefika kwetu kwa njia ya Waajemi na Waarabu, na jina lake ni ushahidi. Hata neno shaha, ambalo Waswahili humtunukia malenga mkuu, asili yake ni neno lile lile la Kiajemi la mfalme. Hata hivyo, wanazuoni wamekuwa wakiujadili mchezo huu kwa karne nyingi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, huuhesabu kuwa makuruhu wala si haramu, mradi usiandamane na kamari wala kumpotezea mtu swala. Nchini Iran, Ayatollah Khomeini aliuruhusu mwaka 1988 kwa sharti la kutokuwa na kamari. Aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliukemea mwaka 2016, lakini Desemba 2017 jiji la Riyadh likaandaa mashindano ya dunia ya michezo ya kasi. Kwa klabu ya Garsen, sheria mbili zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya ubishi: pasiwekwe hata shilingi kwenye ubao, na saa zisimamishwe adhana inapoadhiniwa.

Kuhusu namna ya kuwavuta watoto, mfano ulio karibu ni Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala. Robert Katende alianza kufundisha sataranji huko mwaka 2004, na watoto wengi walikuja kwanza kwa ajili ya uji. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, aliyekuja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji na kupata cheo cha kimataifa mjini Istanbul mwaka 2012. Hadithi yake ilitengenezwa filamu mwaka 2016, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza kama mamake. Wengi hukumbuka filamu. Ni bora kukumbuka sufuria. Katika eneo ambalo ukame na mafuriko hupokezana zamu, klabu ya Jumamosi isiyo na chakula itabaki na watoto wa walioajiriwa pekee.

Wasichana watafika ikiwa kanuni inawahitaji. Ligi ikiamua kwamba mmoja kati ya wachezaji wanne sharti awe msichana, na meza yake ikikosa mtu alama inapotea, kila nahodha atakwenda kumtafuta na kumfundisha. Bila kanuni hiyo, ahadi zitabaki kwenye hotuba.

Alama zihesabiwe kwa urahisi: mbili kwa timu iliyoshinda, moja kwa sare, na timu zikilingana jumla ya michezo iliyoshindwa mezani iamue. Viwango vya kimataifa vinavyotolewa na FIDE, shirikisho la dunia lililoasisiwa Paris mwaka 1924, vinaweza kusubiri. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa ni 1400, na anayeanza hukipata baada ya kucheza angalau michezo mitano na wenye viwango, watu ambao ni adimu katika delta. Usajili ndio usiosubiri. Sheria ya Michezo ya 2013 inazitaka klabu zisajiliwe na Msajili wa Michezo, na klabu isiyo na cheti itapata taabu kuomba msaada wa kaunti.

Ipo pia hatari ambayo kila mji mdogo unaijua. Klabu nyingi za aina hii huanzishwa na mwalimu mmoja au afisa mmoja wa serikali mwenye moyo, kisha barua ya uhamisho ikija, huondoka na ufunguo wa kabati. Watu watatu wajifunze uamuzi tangu mwanzo, na mmoja wao awe mzaliwa asiye na mwajiri wa kumhamisha. Saa za sataranji ni ghali, lakini simu huweza kuwekewa programu ya saa bila malipo, na meza 12 zinahitaji simu 12 zenye chaji.

Kete zihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, katika nyumba iliyo juu ya kimo cha mafuriko. Kete za plastiki hazidhuriwi na maji. Daftari la matokeo hudhurika, kwa hivyo kila ukurasa upigwe picha siku hiyo hiyo, kabla timu hazijapanda gari.