Zohali na hesabu ya mvuto

Juu ya mawingu ya Zohali, mvuto wa sayari hiyo unauzidi wa Dunia kidogo tu, ilhali tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo, ni mara 95 ya lile la Dunia. Basi tungamo lina kazi gani? Jibu limo katika umbali. Ukijitenga na kitovu cha sayari mara mbili zaidi, mvuto hubaki robo. Mawingu ya Zohali yako kilomita 60,000 hivi kutoka kitovuni. Sisi tuko 6,400 tu kutoka kitovu cha Dunia. Kiweke chombo cha angani kilomita 60,000 kutoka kitovu cha Dunia, nacho kitavutwa kwa sehemu moja tu ya 95 ya ambavyo Zohali ingekivuta. Ukubwa wa umbo umeficha wingi wa maada, haukuufuta. Ndiyo maana kuchoropoka Duniani kunataka kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, na kuchoropoka mawinguni mwa Zohali zaidi ya 35. Uzito wa chombo chenyewe haumo katika hesabu hii: kizito huvutwa zaidi, lakini pia ni kigumu kusukumika.

Pingamizi gumu zaidi dhidi ya kazi hiyo ya tungamo linahusu chombo cha angani Voyager 1, iliyopita karibu na Mshtarii Machi 1979 ikatoka na kasi ya kutosha kuuhama mfumo wa Jua. Kasi inayopatikana chombo kikiangukia sayari, si hupotea yote kikipanda kuondoka? Hupotea kweli, ukiipima kutoka Mshtarii. Ila Mshtarii yenyewe inalizunguka Jua kwa kilomita 13 kwa sekunde, na chombo kinachopindwa kuelekea iendako huondoka na sehemu ya mwendo huo. Kupindwa huko kunategemea tungamo. Mshtarii ina tungamo mara 318 ya la Dunia. Mirihi, yenye moja ya kumi tu, ingeipinda Voyager kidogo mno.

Hesabu hiyo husomwa pia kinyumenyume. Chombo kikivutwa, mawimbi yake ya redio hubadilika kidogo, na kwa badiliko hilo wataalamu huipima sayari. Voyager 2 ilipoipita Neptuni Agosti 1989, ilibainika kuwa tungamo la sayari hiyo lilikuwa limekosewa kwa nusu asilimia hivi. Nusu asilimia tu! Kwa miaka mingi kulikuwa na msako wa sayari isiyojulikana, iliyodhaniwa kuivuta Uranusi nje ya njia yake. Mwaka 1993 mwanaastronomia Myles Standish alirudia hesabu kwa tarakimu mpya za tungamo la Neptuni, na mkengeuko wa Uranusi ukatoweka, pamoja na sababu ya msako wenyewe.