Kikombe cha Mbao Mbele ya Chai ya Moto

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Chai ya maziwa inayomiminwa asubuhi ya baridi kule Njoro hupita hapo kwa mbali. Ndiyo maana kikombe cha mbao kilichosuguliwa nta pekee hung'aa vizuri kibandani, kisha kikitiwa chai nta inalainika, inaelea juu, na mbao inabaki wazi. Ukiimeza haikudhuru, shida ni kwamba kazi yake imekwisha.

Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi. Mengi hayakauki ipasavyo, hukaa ndani ya vitundu vya mbao mpaka yachache na kunuka. Mafuta ya mbegu za kitani ni tofauti: hunyonya oksijeni hewani, molekuli zake zikashikana na kuwa utando mgumu. Lakini soma kopo. Yanayouzwa kwenye hadwea kama "yaliyochemshwa" mara nyingi hayakuchemshwa. Yametiwa chumvi za metali kama kobalti au manganisi ili yakauke upesi. Kwa chombo cha kunywea, tafuta yasiyo na nyongeza na uvumilie wiki kadhaa. (Matambara uliyotumia kupakia mafuta haya yatandaze nje: yakirundikwa, joto la kukauka huweza kuyawasha yenyewe.)

Wakalenjin wa Kenya walilitazama jambo hili la kulinda chombo kwa njia nyingine kabisa. Kibuyu cha mursik (maziwa yaliyochachushwa), kiitwacho sotet, hakizibwi vitundu vyake. Hupigwa brashi, kisha kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa husuguliwa ndani mpaka mkaa ushike ukutani, majivu yakakung'utwa, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yakatiwa. Kila mara kibuyu kikioshwa, kazi huanza upya. Naona hapo kuna akili kuliko katika vanishi inayoahidi kudumu. Mkaa, hata hivyo, hausimamii kila kitu: utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta pombe na asetaldehaidi ndani ya mursik, navyo ni zao la uchachukaji wenyewe.

Kwa chai, mimi ningechagua mzeituni wa mwitu, mbao ngumu yenye vitundu vidogo, na mafuta ya kitani yaliyokauka kabisa. Kabla ya kuuza kikombe, fundi akijaze maji ya moto, akifunike dakika chache, kisha anuse. Kikitoa harufu ya rangi, kirudi rafuni.