Chatu Hatengenezi Joto la Kutosha, Hulichagua

Majira ya baridi yakifika Toronto au Minneapolis, chumba kisichopashwa joto vizuri kinaweza kushuka hadi nyuzi joto 15 za Selsiasi. Mwenye nyumba huvaa sweta, maisha yakaendelea. Chatu wake, aliye kwenye kizimba cha kioo ukutani, sweta haiwezi kumsaidia. Nguo kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoroke, na mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha la kuzuiwa. Karibu lote alilo nalo hulipata kwa jua, ardhi na hewa.

Chatu anayefugwa sana huko ni yule mdogo ambaye akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Asili yake ni Afrika, kuanzia Senegal hadi kaskazini mwa Uganda. Kizimbani huhitaji upande wenye joto la nyuzi 31 hadi 33 na upande mwingine wa nyuzi 25 hivi. Baridi ikizidi, tumbo lake hupunguza kazi. Panya aliyemmeza huanza kuoza kabla hajasagwa, na mara nyingi nyoka humtapika. Maradhi ya mapafu nayo humpata kwa urahisi.

Haya hayakujulikana siku moja. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba nyoka na mijusi hupata joto na kupoa kama mawe, bila uamuzi wowote. Mwaka 1944 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya joto la miili ya wanyama hao katika jangwa la California. Walikuta kwamba wakiwa huru huingia juani, hurudi kivulini na kujichimbia mchangani, hata miili yao ikabaki katika kiwango kilekile kwa sehemu kubwa ya mchana. Waliozuiwa kukimbia jua kali walikufa baada ya dakika chache. Hivyo ikaonekana kuwa mnyama huyu huuawa na baridi na huuawa na joto pia. Kinachomwokoa ni nafasi ya kuhama.

Mwaka 1975 jaribio jingine liliongeza jambo. Mijusi walioambukizwa bakteria waliwekwa katika viwango mbalimbali vya joto, na kadiri joto lilivyokuwa la chini ndivyo vifo vilivyoongezeka. Tayari ilikuwa imeonekana kwamba mjusi mgonjwa akiachwa huru husogea mwenyewe mahali penye joto zaidi. Kwa maneno mengine, hujitafutia homa.

Baridi nayo ilitoa somo lake Florida, Januari 2010. Chatu wenye asili ya Asia, waliozaliana porini huko, walikutwa na siku kadhaa za baridi isiyo ya kawaida. Kati ya chatu 10 waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia, 9 walikufa.

Kwa mfugaji, maana yake ni hii: usikipashe kizimba chote joto moja. Weka mkeka wa umeme au taa ya joto upande mmoja tu, na maficho pande zote mbili, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Chombo cha joto kiunganishwe na kidhibiti joto, na kipimajoto kiwekwe pale nyoka anapolala, si juu ukutani. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa kazi hii yaepukwe. Nyoka anaweza kulala juu yake hadi magamba ya tumboni yakaungua, asiondoke. Umeme ukikatika, funika kizimba kwa blanketi ukiacha hewa ipite, weka karibu chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa, na usimlishe mpaka joto lirudi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote. Gesi yake isiyoonekana huua watu.

Huku kwetu wachache hufuga nyoka, na sheria za Kenya na Tanzania zinataka kibali kwa wanyamapori. Lakini kanuni hiyohiyo ya mwili kutegemea joto la nje imetuzunguka. Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe au Limuru, mkulima anaweza kumkuta nyoka juu ya jiwe akiota jua, mzito, hakimbii. Asidhani amekufa au hana nguvu: anaweza kuuma. Ampishe. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja, bila jeraha kukatwa wala kunyonywa.

Mfugaji wa sato na perege naye inamhusu. Samaki hao hustawi maji yakiwa na nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na karibu na 16 huacha kabisa. Anayemwaga chakula kilekile wakati wa baridi anapoteza fedha na kuchafua bwawa. Kipimajoto cha bei ndogo kitamwambia lini apunguze.

Mama anayesikia habari ya mijusi asikimbilie kuamua kwamba homa iachwe. Utafiti ule unaonyesha kwamba homa inaweza kuwa sehemu ya ulinzi wa mwili; hausemi mtoto asipimwe malaria, wala hauchukui nafasi ya ushauri wa daktari.

Na mwanafunzi asifikiri mambo yote yamekwisha kugunduliwa. Mwaka 2018 tu, utafiti uliofanyika Afrika Kusini ulieleza jinsi chatu jike wa huko, jamii inayopatikana pia Tanzania na Kenya, anavyogeuka rangi kuwa mweusi wakati wa kulea, akaota jua hadi mwili ukakaribia nyuzi 40, kisha akarudi shimoni kuyapa mayai joto hilo. Wengi wetu tunamjua chatu kwa kumuua tu. Anayetaka kumjua zaidi aanze na daftari, kipimajoto na mjusi wa ukutani: aandike saa, joto na mahali alipo, kwa wiki chache, bila kumgusa.