Kicheko nacho kina jasho lake

Wengi wetu tukimwona mchekeshaji kwenye televisheni hudhani maneno yale yamemjia papo hapo. La hasha! Nyuma yake yupo mwandishi, na leo namtolea mfano Tina Fey wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1970 katika jimbo la Pennsylvania. Baada ya masomo ya chuo alikwenda Chicago, akajifunza kuchekesha katika kundi la Second City. Mwaka 1997 aliajiriwa New York kuandikia kipindi cha Saturday Night Live, kilichoanza mwaka 1975. Mwaka 1999 akawa mkuu wa waandishi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kazi yenyewe si lelemama. Jumatatu waandishi hutoa mawazo. Jumanne huandika hadi alfajiri. Jumatano michezo husomwa mbele ya wote, na mingi hufia hapo. Jumamosi saa 2 usiku hufanyika jaribio mbele ya watazamaji. Wasipocheka, mchezo hutupwa. Saa 5 na nusu kipindi huenda hewani moja kwa moja.

Fey aliondoka mwaka 2006, akaanzisha 30 Rock, kipindi kilichohusu maisha ya waandishi haohao. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Mark Twain.

Kwa hiyo mimi huona uchungu kijana anapoambiwa kwamba kuandika vichekesho si kazi, na kwamba anayeandika hastahili malipo. Anayetuvunja mbavu kwa dakika 5 huenda amekesha usiku kucha. Alipwe!