Mwomboko, Walsi na Mwanafunzi Mzima wa Dansi

Dansi za ukumbini, yaani zile ambazo watu wawili hushikana na kusogea pamoja kwa hatua zinazofahamika, huchukuliwa na wakazi wengi wa Nakuru, Kenya, kuwa starehe ya kigeni isiyo na mizizi nchini, ingawa Bonde la Ufa la kati limeijua dansi ya jozi kwa vizazi kadhaa. Enzi za ukoloni, katika mashamba ya walowezi wa Kizungu ya Njoro, Molo na Naivasha waliishi maskwota, wengi wao Wakikuyu, ambao waliruhusiwa kulima na kufuga katika ardhi ya mwajiri kwa sharti la kumfanyia kazi, na sheria ya mwaka 1918 ikaweka kiwango cha siku 180 kwa mwaka. Kutokana na maingiliano na Wazungu mashambani, mijini na jeshini, vijana wa Kikuyu waliunda katika miaka ya 1930 na 1940 dansi ya mwomboko, ambayo ilichukua mshiko wa jozi na kodiani kutoka kwa walsi na dansi za Waskoti, ikaongeza karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande kingine cha chuma ili kushikilia mapigo.

Mwomboko huchezwa kwa hatua mbili na kukunja magoti, na katika umbo hilo dogo yamo karibu yote yanayomtatiza mtu mzima anayeanza kujifunza walsi. Ugumu hauko katika kukariri mahali pa kuweka mguu, kama wanafunzi wengi wanavyodhani, bali katika kuhamisha uzito: hatua haijakamilika mpaka mwili wote uwe juu ya mguu uliotangulia, na ule wa nyuma uwe huru kabisa. Uzito ukigawanyika kati ya miguu miwili, mwenzi hawezi kujua ni mguu upi utakaofuata, kwa sababu anayeongoza huwasilisha nia yake kwa kiwiliwili kupitia fremu, yaani umbo thabiti la mikono na mabega linalowaunganisha wawili hao, wala si kwa kuvuta au kusukuma. Mzee aliyecheza mwomboko ujanani anayafahamu hayo mwilini hata kama hajawahi kuyaeleza, na ni jambo la kusikitisha kwamba ujuzi wake huonekana zaidi katika sherehe za kitaifa kuliko katika mafunzo.

Rumba, kwa upande wake, humtega anayejiamini. Rumba ya Kongo, ambayo imezoeleka mno katika baa na harusi za Kenya, humruhusu mchezaji kuanza anapojisikia, ilhali rumba ya mashindano ya kimataifa huanza hatua katika pigo la pili la kila kundi la mapigo manne, nayo nyonga husogea kwa sababu goti limenyooka chini ya uzito, si kwa kutikiswa makusudi. Walsi ni nyepesi zaidi kwa sikio linaloanza, kwa kuwa ina mapigo matatu yanayorudiarudia, 84 hadi 90 kwa dakika, mwendo ambao hata asiye na mazoezi anaweza kuumudu.

Kuhusu afya, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliofuatilia watu 469 waliozidi miaka 75, ulikuta kwamba miongoni mwa shughuli za mwili ni dansi pekee iliyohusiana na kupungua kwa hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Hata hivyo uhusiano si uthibitisho wa chanzo, kwani yawezekana wenye akili timamu ndio wanaodumu katika dansi. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya goti. Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu ya saruji, ambayo ndiyo ya kumbi nyingi, hivyo mwili unapogeuka mguu hubaki ulipo na goti likabeba msokoto wote. Viatu vya soli laini ya ngozi huteleza kiasi kinachotosha, na kwa anayevuka miaka 50 ndivyo vya kununuliwa kabla ya vazi lolote la dansi.