Bidii ya Kuopoa

Mwanafunzi wa kidato cha nne kutoka Msambweni, Kwale, ametuandikia. Anaamka saa tisa usiku, anapitia daftari la bayolojia mara tatu kabla ya adhana ya alfajiri, na bado mtihani ukija majibu yanamtoroka. Anauliza aongeze bidii ya namna gani.

Jibu nalianza na jaribio moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Vingine walivisoma tena. Vingine walivifunika, wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, kusoma tena kulishinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: vilivyofunikwa asilimia 56, vilivyosomwa tena 42.

Kitendo hicho cha kufunika na kutafuta nakiita kuopoa. "Kukumbuka" hakunitoshi, maana jambo huweza kukujia lenyewe hujajisumbua. Katika kuopoa kuna mikono: kitu kimezama, mtu anakivuta.

Mchukue mvuvi anayetega malema bila boya. Hulijua lema lake kwa alama za nchi kavu, akilinganisha mnazi huu na paa lile la nyuma yake. Kijana anayepelekwa na babake kila siku ataliona lema likiinuliwa mara nyingi, na akiachwa peke yake asijue aelekee wapi. Siku anayokabidhiwa kasia, akapotea, akatafuta, akalipata, ndipo alama zinapomkaa. Na lema likishaopolewa halirudi majini vilevile. Samaki hutolewa, palipolegea hufungwa, chambo hutiwa kipya, kisha huzamishwa tena, pengine mahali pazuri zaidi.

Kumbukumbu nayo hutendewa hivyo, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kuwa imara, ikiamshwa, hulegea kwa muda, na ubongo huhitaji kutengeneza protini upya ili kuikaza. Protini hizo zikizuiwa wakati huo, kumbukumbu hufifia. Zikizuiwa bila kumbukumbu kuamshwa, haidhuriki. Jambo lililoopolewa, basi, huwa limefunguliwa, na linaweza kufungwa pamoja na yale tuliyojifunza baadaye. Panya si mtahiniwa, ni kweli, lakini tuendelee.

Lakini kuopoa huchosha, na kusoma tena huburudisha. Macho yakizoea ukurasa, moyo hudhani umeelewa. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa Marekani, amefundisha kwa miaka mingi kwamba kuna ugumu wenye faida, na kuopoa ni mojawapo. Madrasa zetu za Ukunda na Diani zinaufahamu: mtoto hufunga msahafu, akasoma kwa ghibu mbele ya maalim, na juzuu aliyoimaliza zamani huitishwa tena kabla haijampotea.

Kwale imetoa ushahidi mwingine, wa bidii iliyogawanywa kidogo kidogo. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa elimu uitwao HALI ulifanyika katika shule za msingi 101 za pwani hii ya kusini. Katika baadhi yake, walimu wa madarasa ya mwanzo walipewa mafunzo, mipango ya vipindi, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwaelekeza na kuwatia moyo. Baada ya miaka miwili, watoto wao walifanya vizuri zaidi katika kusoma kuliko wenzao, na walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, dhidi ya 5.3 kwingineko.

Kwa hiyo bidii ya ziada ipangwe hivi. Somo la leo, jioni daftari lifungwe na karatasi tupu ijazwe. Liopolewe tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Palipobaki pengo ndipo pa kusoma, kisha mtu alale, kwa kuwa usingizi nao hukaza kumbukumbu.

Mwalimu naye anaweza kuanza kipindi kwa maswali matano ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, pasipo alama wala adhabu. Atakayekosea hapo amejua mapema pa kuongeza bidii, na mtihani bado uko mbali.