Michezo ya Kufundishia Maadili ya Kazi katika Vyama vya Msingi



Kila chama cha msingi katika Kasulu na Kibondo kina masharti yake, na watumishi wa chama wanayajua. Mwulize karani wa mizani kama ni halali kumpunja mkulima. Atajibu hapana bila kusita. Hata hivyo, vitabu vinapofunguliwa, upungufu huonekana. Hii ni dalili kwamba ugonjwa wetu si kutojua masharti. Mtumishi huanguka siku anapokabiliwa na jambo lenyewe akiwa peke yake, ana haraka, na aliyesimama mbele yake ni shemeji yake. Yafaa basi azoezwe kabla ya siku hiyo, na njia moja ya kumzoeza ni mchezo.

Njia hii si ngeni katika ushirika. Kamati Maalumu iliyoundwa na Serikali mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika ilitaja, miongoni mwa udhaifu, wanachama wasioelewa mambo ya vyama vyao. Mwaka 1978 Shirika la Kazi Duniani lilianzisha mpango wa kutayarisha vitabu vya kufundishia uendeshaji wa vyama vya ushirika, na ndani yake mwanafunzi hupewa tatizo la kutatua na nafasi ya kuigiza, badala ya kukaa akisikiliza hotuba. Nao Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani, katika tamko lake la 1995, ulitaja maadili manne ya mwanaushirika: uaminifu, uwazi, uwajibikaji kwa jamii na kuwajali wengine. Maneno hayo manne ni rahisi kuyakariri. Kuyatenda ndiko kunakohitaji mazoezi.

MCHEZO WA KWANZA: MIZANI

Chukueni mizani ya chama na magunia machache ya maharage au mahindi. Katibu awe mkulima asiyejua kusoma. Mkulima mmoja awe karani wa mizani. Wengine wawe watazamaji. Kwa siri, karani apewe karatasi yenye agizo hili: katika kila gunia andika pungufu kwa nusu kilo, na ukiulizwa, toa sababu yoyote.

Wapimapo magunia matano au sita, simamisheni mchezo. Mwulizeni katibu aliona nini na alijisikiaje. Kisha andikeni ubaoni: magunia 200 mara nusu kilo ni kilo 100. Gunia zima limetoweka, wala hakuna mkulima hata mmoja aliyeona limechukuliwa. Hapa Mtabila, palipokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, wengi wanakumbuka chakula kilivyogawiwa kwa kipimo. Hawahitaji kuelezwa sana kwa nini macho ya watu hayabanduki kwenye kipimo.

Baada ya hapo lijengwe swali lililo gumu zaidi: je, karani huyo ni mwizi? Mara nyingine hapunguzi kwa tamaa bali kwa hofu. Anajua kwamba mazao hukauka ghalani na uzito hushuka, na kwamba upungufu huo, yaani unyaufu, utadaiwa kwake. Hivyo hujikinga kwa kilo za mkulima. Hofu yake ina sababu, lakini dawa aliyoichagua ni dhuluma. Wanachama waulizane: hasara ya unyaufu ibebwe na nani, kwa kiasi gani, na iandikwe wapi? Jibu likitolewa na Mkutano Mkuu na kuandikwa wazi, karani hana tena sababu ya kujificha.

MCHEZO WA PILI: PUNJE ZA MAHARAGE

Andikeni kwenye vipande vya karatasi mambo yanayoweza kutokea. Kwa mfano:

(a) Usiku wa kuamkia siku ya kufungua zabuni, mnunuzi mmoja analeta mbuzi nyumbani kwa katibu, akisema ni zawadi ya watoto.

(b) Mwanachama amefiwa. Mwenyekiti anaomba fedha za sanduku la chama bila hati ya malipo, akiahidi kuzirudisha Jumatatu.

(c) Mbolea ya mkopo imefika pungufu, na ndugu wa mtunza ghala anaomba apewe kabla ya zamu yake.

Wekeni vikombe vitatu nyuma ya pazia: nitakubali, nitakataa, nitapeleka kwenye Bodi. Kila jambo likisomwa, kila mtu apite na kutia punje moja. Punje zihesabiwe mbele ya wote. Faida ya siri hii ni kubwa, kwani mkono unaoinuliwa hadharani husema yanayopendeza, lakini punje husema yaliyomo moyoni. Kikombe cha kwanza kikijaa katika jambo la msiba, msimlaumu mtu. Kujali wengine ni wema. Ila wema huo uwekewe utaratibu, kama mfuko wa msiba wenye kiwango na hati, ili huruma isigeuke mlango wa ubadhirifu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KANUNI ZA KUFUATA

1. Mchezo usitaje jina la mtu wala tukio la kweli la chama. Penye tuhuma ya kweli, pelekeni kwa wakaguzi. Mchezo si baraza la kumhukumu mtu.

2. Katibu na Mwenyekiti wasiongoze mchezo. Aongoze mwanachama wa kawaida.

3. Kucheza kuchukue dakika kumi. Mazungumzo yachukue nusu saa. Kicheko bila mazungumzo ni burudani tu.

4. Azimio moja liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la cheo kitakacholitekeleza na tarehe.

Mchezo hauchukui nafasi ya ukaguzi, wala haumzuii aliyekwisha kuamua kuiba. Unachofanya ni kumpa mtumishi mwaminifu maneno ya kusema siku mbuzi atakapofika mlangoni, na kumpa mkulima ujasiri wa kuinama na kusoma mizani mwenyewe. Makatibu wanaombwa kuweka mchezo wa mizani katika ajenda ya mkutano wa wanachama kabla ya ununuzi wa mazao kuanza, mizani ikiwa imekwisha kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo.